Ufunguo wa Windows Uko Wapi? Kupiga Upya na Kuamilisha Laptopu Iliyokwishatumika

Laptopu imetoka kupigwa Windows upya. Inawaka haraka, haina takataka za mwenye nayo wa kwanza, na mmiliki mpya amefurahi. Kisha chini ya skrini, upande wa kulia, yanajitokeza maandishi ya kijivu yaliyofifia: "Activate Windows". Swali linalofuata nimeulizwa mara nyingi mno, na karibu kila mara kwa sauti ya mtu aliyepotelewa na kitu: "Ufunguo ulikuwa kwenye ile Windows ya zamani, na nimeshaifuta. Sasa nitaupata wapi?"

Ufunguo, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaothibitisha kwamba Windows yako ni halali, mara nyingi haujapotea, kwa sababu haukuwamo kwenye ile Windows. Kwa laptopu nyingi za miaka hii, ufunguo hauko hata kwenye diski. Watu huingia hasara kwa kutolijua hili: wananunua funguo ambazo hawakuzihitaji, au wanafuta mashine kabla hawajajua inabeba haki gani. Ndiyo maana naona ni muhimu kulichambua taratibu.

Kuna mambo matatu ambayo huzungumzwa kama jambo moja. La kwanza ni kusakinisha, yaani kuziweka faili za mfumo kwenye diski. Hilo mtu yeyote anaweza kulifanya, na Microsoft wenyewe wanaliruhusu: faili za Windows 10 na 11 zinapatikana bure kwenye tovuti yao. La pili ni leseni, yaani haki ya kuutumia mfumo huo. La tatu ni kuamilisha, pale kompyuta inapowasiliana na seva za Microsoft kupitia intaneti na seva zikathibitisha kwamba haki hiyo ipo. Unaweza kusakinisha vizuri kabisa bila leseni. Na unaweza kuwa na leseni halali ikakataa kuamilika kwa sababu ya kosa dogo lisilohusiana na leseni yenyewe.

Ufunguo ulikohamia

Kuamilisha kwa njia hii kuliingia kwa watumiaji wa kawaida na Windows XP, mwaka 2001. Enzi hizo, na baadaye kwa Windows Vista na Windows 7, laptopu mpya ilikuja na stika chini ya tumbo lake, yenye ufunguo wa herufi na tarakimu 25 zilizopangwa katika mafungu matano. Ukitumia mashine miaka minne ukiipakata mapajani na kuivuta juu ya meza, stika ile inafutika. Nimewahi kukaa na tochi na kioo cha kukuza nikijaribu kutofautisha B na 8.

Mwaka 2012, Windows 8 ilipotoka, utaratibu ukabadilika. Watengenezaji wa laptopu walianza kuuandika ufunguo kiwandani ndani ya kumbukumbu ndogo ya kudumu iliyo kwenye ubao mama (motherboard), humohumo inamokaa BIOS, programu inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows. Jedwali unamoandikwa linaitwa MSDM. Unaposakinisha Windows, programu ya usakinishaji hulisoma jedwali hilo kimyakimya na kuuchukua ufunguo bila kukuuliza. Ndiyo maana kwa laptopu nyingi za tangu wakati huo huoni mahali popote pa kuandika ufunguo, na mashine ikigusa intaneti tu inajiamilisha.

Kisha mwaka 2015 ikaja Windows 10 na jambo la tatu: leseni ya kidijitali. Hapa hakuna ufunguo wa pekee wa kuutafuta. Microsoft huchukua alama za vifaa vya mashine, ubao mama ukiwa ndio wenye uzito mkubwa zaidi, na kuziweka kwenye seva zao pamoja na maelezo kwamba mashine hii ina haki ya toleo fulani la Windows, kama Home au Pro. Laptopu zilizokuwa na Windows 7 au 8.1 zikapandishwa bure kwenda Windows 10 katika ule mwaka wa kwanza zilipata haki ya namna hii. Ukiifuta mashine hiyo leo na kuipiga upya, seva zitaitambua kwa alama zake.

Kutokana na haya matatu unaweza kujijibia maswali mengi. Ukibadilisha diski kuu ya zamani ukaweka SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, leseni inabaki. Ukiongeza RAM, inabaki. Ukibadilisha ubao mama, hapo ndipo pa kuogopa, kwa kuwa ufunguo wa kiwandani umeondoka na ubao wake, na alama ambazo seva inazijua zimebadilika. Njia ya kujikinga ipo, lakini hufanywa kabla ya kuharibika: ingia kwenye akaunti ya Microsoft wakati mashine bado imeamilishwa, leseni iunganishwe na akaunti hiyo. Baada ya hapo kitatuzi cha matatizo kwenye ukurasa wa uamilishaji kinaweza kukuruhusu ueleze kwamba umebadilisha kifaa. Kumbuka pia kwamba leseni iliyokuja na laptopu kutoka kiwandani imefungamana na laptopu hiyo. Inayoweza kuhamishwa kwenda mashine nyingine ni ile iliyonunuliwa peke yake, kwa rejareja.

Soma mashine kabla ya kuifuta

Hapa ndipo ningependa kila anayeshika laptopu ya mtumba atulie kidogo. Ukishafuta umefuta. Lakini kama Windows ya zamani bado inawaka, ina habari ambazo baadaye utazitamani.

Fungua kidirisha cha amri (Command Prompt) kama msimamizi, andika slmgr /dli, kisha ubonyeze Enter. Subiri sekunde chache. Kitatokea kisanduku kidogo chenye jina la toleo, neno linaloeleza leseni ilipitia njia gani, na herufi tano za mwisho za ufunguo unaotumika. Likitokea neno OEM_DM, leseni ni ile ya kiwandani iliyomo kwenye ubao mama, na unaweza kufuta bila wasiwasi. Likitokea RETAIL, huenda ni ufunguo ulionunuliwa kwa rejareja, au ni leseni ya kidijitali iliyokaa kwenye seva. Zitazame zile herufi tano: zikiwa 3V66T kwa toleo la Pro, au 8HVX7 kwa toleo la Home, huo ni ufunguo wa jumla ambao Microsoft huuweka kwenye mamilioni ya mashine, nayo haki yenyewe iko kwenye seva. Nimeona watu wakitumia programu za kutafuta funguo, wakaunakili ufunguo huu kwa uangalifu mkubwa na kuuhifadhi wakidhani ni wao pekee. Hauamilishi chochote peke yake.

Likitokea VOLUME_KMSCLIENT, simama. Hiyo ni leseni ya taasisi. Makampuni na vyuo huwa na seva yao ya ndani inayoziamilisha kompyuta zote kwa pamoja, na kila kompyuta hupewa siku 180 tu, ambazo huongezwa kila inapokutana na seva hiyo. Laptopu ikiuzwa ikatoka nje ya taasisi, itaendelea kusema imeamilishwa mpaka siku zile ziishe, kisha itaanza kulalamika na kutoa namba 0xC004F074, maana yake haiipati seva. Mnunuzi anadhani ameharibu kitu. Hajaharibu: alipewa mashine yenye haki ya kuazima, na muda wa kuazima umekwisha.

Habari njema ni kwamba laptopu nyingi za maofisini zilitoka kiwandani zikiwa na ufunguo wa Pro ndani ya ubao mama, halafu taasisi ikaweka toleo lake la Enterprise juu yake. Ufunguo ule wa Pro bado umelala humo. Ili kuuona, fungua PowerShell, kidirisha kingine cha amri cha Windows, kama msimamizi na uandike:

(Get-CimInstance -ClassName SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Herufi 25 zikijitokeza, umeshapata jibu: sakinisha upya ukitumia faili za kawaida za Microsoft, si zile za Enterprise, na mashine itajiamilisha. Mstari ukirudi mtupu, ubao mama hauna ufunguo, na hapo leseni ya kidijitali au ya kununua ndiyo tegemeo.

Neno VOLUME_KMSCLIENT hilohilo linatokea pia kwenye mashine zilizoamilishwa kwa programu za wizi, ambazo hujifanya ni seva ya taasisi ndani ya kompyuta yako. Nazikataa, na si kwa sababu ya sheria peke yake. Programu hizo huomba mamlaka ya juu kabisa ya mashine na mara nyingi hukutaka uzime kinga ya virusi kwanza. Aliyeitengeneza humjui, na kilichofungwa pamoja nayo hukioni. Ukiikuta kwenye laptopu uliyonunua, hiyo ni sababu tosha ya kufuta diski nzima na kuanza upya.

Leseni ni jambo moja, umiliki ni jingine

Kuna kizuizi ambacho hakihusiani na leseni hata kidogo, nacho ndicho kinachoumiza zaidi, kwa sababu hakina dawa mikononi mwa mnunuzi.

Taasisi nyingi huzisajili kompyuta zao kwenye huduma ya Microsoft iitwayo Autopilot. Usajili huo hauko kwenye diski. Uko kwenye seva, umefungamana na alama za mashine. Muuzaji anaweza kukuonyesha laptopu inayofanya kazi vizuri kabisa, na ikabaki hivyo kwa miezi. Siku utakapoipiga Windows upya na kuiunganisha na intaneti, skrini ya kwanza itakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kudai barua pepe na nenosiri la mfanyakazi wake. Ukifuta tena na kusakinisha tena, itarudi palepale. Anayeweza kuifungua ni taasisi yenyewe, kwa kuiondoa mashine kwenye orodha yake. Muuzaji wa haki ataweza kuwasiliana nayo, kwa kuwa alinunua kwao. Asiyeweza, jiulize aliipata wapi.

Kwa sababu hiyo nawashauri wanaonunua wafanye jambo linaloonekana kama usumbufu: laptopu ipigwe Windows upya mbele yako kabla ya kutoa pesa, iunganishwe na intaneti, uisubiri mpaka ifike kwenye skrini ya kuingia kwa akaunti yako binafsi. Kufuli lililofichika hujionyesha hapo. Ingia pia kwenye BIOS uone kama inadai nenosiri. Kwenye laptopu nyingi za kazi nenosiri hilo haliondoki hata ukichomoa betri ndogo ya saa ya ubao mama.

Kompyuta za Apple hazina ufunguo wa bidhaa, macOS haiulizi, lakini zina kufuli lao. Mac zenye chipu ya T2, na zote zenye chipu za Apple zenyewe, zinaweza kufungwa kwa akaunti ya mwenye nazo wa kwanza. Asipojiondoa kwenye akaunti kabla ya kuuza, ukishaifuta itakudai nenosiri lake.

Windows ipi?

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mtumiaji wa nyumbani anayejiandikisha, ilitangazwa nyongeza ya masasisho ya usalama ya mpaka Oktoba 2026. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inahitaji RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, Secure Boot (kinga inayokagua mfumo wakati wa kuwaka), chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo karibu yote inaanzia kizazi cha 8. Leseni ya Windows 10 inaiamilisha Windows 11 ya toleo lilelile, kwa hiyo leseni si kikwazo hapa. Kikwazo ni umri wa mashine.

Kwa laptopu iliyokosa sifa hizo, mimi huanza kwa kuuliza inatumika kwa kazi gani. Kama ni kuandika, kusoma, kuvinjari na kutazama video, Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure isiyo ya Microsoft, hutosha, hupata masasisho, na suala lote la kuamilisha halipo. Kama kuna programu ya kazi inayodai Windows, basi ni kutafuta mashine mpya kidogo kuliko kulazimisha njia za mlango wa nyuma.

Kuipiga yenyewe

Sehemu hii watu huiogopa kuliko inavyostahili. Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi, usiyo na shida nayo maana itafutwa, na programu ya Microsoft ya kuiandaa. Chomeka, washa laptopu ukibonyeza kitufe cha kuchagua mahali pa kuanzia, na ufuate skrini. Ukiulizwa ufunguo, chagua "I don't have a product key" na uendelee.

Chunga toleo. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua lile ambalo leseni yako inalijua. Mwenye leseni ya Home akisakinisha Pro kwa kuwa jina linasikika vizuri zaidi, haitaamilika kamwe kwa leseni hiyo. Huu ndio mkanganyiko wa kawaida kuliko yote ninayokutana nayo, na tiba yake ni kurudi kwenye toleo sahihi.

Penye orodha ya partisheni, yaani vipande ambavyo diski imegawanywa, kwa laptopu ya mtumba, futa zote za diski unayosakinishia mpaka ibaki nafasi tupu moja, kisha endelea. Laptopu ikiwa na diski mbili, soma ukubwa wake kwanza usije ukafuta isiyohusika.

Orodha ikiwa tupu kabisa, usikimbilie kusema SSD imekufa. Kwenye laptopu nyingi za Intel kizazi cha 11 na kuendelea kuna mpangilio wa kusimamia diski uitwao VMD, na programu ya usakinishaji huenda isiwe na draiva yake, yaani programu ndogo ya kuiwezesha kuitambua diski. Pakua draiva ya Intel RST kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, uifungue ili faili zake zenye mwisho wa .inf zikae wazi kwenye flashi, kisha bonyeza "Load driver". Diski itajitokeza. Mara ya kwanza kukutana na hali hii niliifungua laptopu, nikaitoa SSD, nikaipima kwenye mashine nyingine, nikaikuta nzima. Nilipoteza mchana wote.

Kikwazo kingine ni Wi-Fi. Windows 11 hudai intaneti kabla ya kukuruhusu kuingia, na kama draiva ya Wi-Fi haipo, huna njia. Chukua simu, iunganishe na laptopu kwa waya wa USB, na uwashe huduma ya kugawa intaneti kwa USB. Mara nyingi laptopu itaichukulia simu kama waya wa mtandao na utaendelea.

Ikikataa kuamilika

Ukiwa umeingia, fungua Settings, kisha System, kisha Activation. Mara nyingi utakuta imeshajiamilisha. Ikiwa haijajiamilisha, isome ile namba ya kosa badala ya kuzima na kuwasha. Namba 0xC004F213 inasema mashine haikupata ufunguo wowote kwenye ubao mama. 0xC004C008 inasema ufunguo umetumika kwenye mashine nyingi kuliko inavyoruhusiwa, na 0xC004C003 kwamba seva zimeukataa. Hizi mbili za mwisho huwafika sana walionunua funguo za bei ya kutupa. Nyingi ya hizo ni funguo za taasisi zinazouzwa kwa watu wengi, zinafanya kazi wiki kadhaa au mwaka, kisha zinafungwa.

Na kuna 0x80072F8F. Nililetewa laptopu ambayo mwenyewe alikuwa ameshainunulia funguo mbili, zote mbili zikakataliwa kwa namba hiyo. Alikuwa amekata tamaa. Nilipoiwasha, kabla ya kugusa chochote, nikatazama saa pembeni ya skrini: ilisoma Januari, miaka sita nyuma. Betri ndogo ya saa iliyo kwenye ubao mama, mviringo kama sarafu, ilikuwa imekwisha, na kila umeme ulipokatika tarehe ilirudi mwanzo. Kompyuta inapozungumza na seva hukagua vyeti vya usalama, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kwa mashine inayodhani imo miaka sita nyuma, cheti cha leo hakijaanza kutumika, kwa hiyo inakata mazungumzo kabla ufunguo haujafika popote.

Nilirekebisha tarehe na saa za eneo, nikarudi kwenye ukurasa wa uamilishaji, nikabonyeza kitatuzi cha matatizo. Ikaamilika kwa ufunguo uliokuwa kwenye ubao mama tangu siku ilipotoka kiwandani. Zile funguo mbili hazikuhitajika. Kisha tukaifungua tukaweka betri mpya.